Macalder, Ng'ambo ya Feri

Feri inayong'oa nanga Luanda Kotieno huvuka Ziwa Viktoria hadi Mbita, na kutoka huko barabara huelekea kusini mpaka Nyatike, kwenye mji mdogo wa Macalder. Dhahabu ilianza kuchimbwa hapo miaka ya 1930, baadaye shaba pia. Mgodi ukafungwa 1966. Kampuni iliyouendesha iliondoka, wenyeji wakabaki na mashimo. Mpaka leo akina mama huponda mawe kwa nyundo, na kuchanganya unga wake na zebaki kwa mikono mitupu ili kunasa dhahabu. Zebaki huharibu mishipa ya fahamu polepole, na mvua huisukuma mtoni, hadi ziwa hilihili tunalovua. Ukiwa na ndugu kule, mpigie leo: avae glavu, na watoto wasisogelee dhahabu yenye zebaki inapochomwa.