Walioondoka Kabla ya Kipenga cha Mwisho

Somo: Luka 24:13–35
Soma pia: Habakuki 3:17–19, Waebrania 11:13



Jumapili iliyopita nilipopanda madhabahuni nilimwomba kila mtu amuulize jirani yake swali moja: "Wewe ni wa timu gani?" Kanisa likachangamka kuliko nilivyotarajia. Mzee wetu mmoja alitaja Gor Mahia kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kutoa ushuhuda. Vijana wakataja timu za Uingereza. Nami nikasema yangu: AFC Leopards. Ingwe. Watu wakacheka, na wengine wakanipa pole kama mtu aliyefiwa.

Wana sababu. Timu hii iliyoanzishwa 1964 imechukua kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tano. Lakini ligi ya Kenya iliichukua mwaka wa 1998, na kutoka hapo ni kungoja. Nilikuwa na miaka minane. Sikumbuki bao hata moja la msimu ule. Nakumbuka ngoma za isukuti, nakumbuka mabega ya baba nikiwa nimeketi juu yake, na watu wazima wakilia kwa furaha. Nikadhani hivyo ndivyo mpira ulivyo. Kumbe nilikuwa nimefika mwisho wa sherehe.

Baadaye timu ikashushwa daraja. Ikarudi ligi kuu mwaka wa 2009. Tulichukua kombe la GOtv Shield 2013 na tena 2017, na tukashukuru. Lakini ligi? Mwaka wa 2023 ulipofika, ilikuwa imetimia miaka 25. Ndugu zangu wa Gor Mahia, msicheke sana. Nyinyi pia mlikaa kutoka 1995 hadi 2013. Mnajua njaa hii.

Sasa nieleze kwa nini naleta mpira madhabahuni.

Chuo kikuu nilisomea biashara. Kuna kanuni tulifundishwa, na ni kanuni nzuri: pesa iliyokwisha kuzama imezama, usiifuate na nyingine. Mradi ukikataa mara tatu, funga hesabu, peleka nguvu zako kwingine. Nimeitumia kanuni hiyo kwa duka la mke wangu na kwa ununuzi wa viti hivi mnavyokalia, na ilitusaidia. Shida ni kwamba siku moja niliitumia kwa ndugu yangu.

Mdogo wangu wa mwisho ni mlevi. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike hivyo, akasema tu nisitaje jina. Tulimpeleka kituo cha kurekebisha tabia mara ya kwanza, akatoka, akarudi kwa chang'aa. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu baba alinipigia simu, akasema anataka kuuza ng'ombe, na akaniomba nami nichange. Nilifunga safari mpaka nyumbani. Nikaketi naye mezani, nikatoa karatasi na kalamu, nikapiga hesabu ya kila tulichotumia. Nikapiga mstari chini, nikamwonyesha jumla. Nikamwambia, "Baba, hii ni hasara. Tuikate hapa."

Mimi, mhudumu wa Injili, nilisema hivyo. Na nilisema kwa upole, ndiyo maana ilikuwa mbaya zaidi.

Baba hakunijibu. Aliangalia ile karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni. Majuma mawili baadaye akaja Nairobi, akahudhuria ibada yetu ya kwanza, kisha akaniambia, "Pasta, nipeleke uwanjani. Ingwe wanacheza."

Tulienda Nyayo. Siku hiyo tulifungwa mawili, hatukurudisha hata moja. Kufikia dakika ya themanini watu walikuwa wanamiminika nje kuwahi matatu. Nami nikasimama. Nilikuwa na ushirika wa nyumbani saa kumi na mbili, na kusema kweli nilikuwa nimechoka na mchezo. Baba hakusimama. Alikuwa na shati lake la buluu lililopauka. Nikamwambia, "Baba, imeisha hii." Akasema, "Refa hajapuliza."

Hakuna muujiza uliotokea. Tulifungwa tu. Kipenga kilipolia wachezaji wakaja upande wetu wakiwa wameinamisha vichwa, na wale mashabiki wachache waliobaki wakawapigia makofi. Baba naye akapiga. Nikamuuliza, nusu mzaha, anapata faida gani. Akaniambia, "Siku wakishinda, unataka wamkute nani hapa?"

Tukatembea mpaka barabarani bila kuongea. Kwenye matatu akatoa ile karatasi yangu, akanirudishia. Hakusema kitu. Wapendwa, nimehubiriwa na watu wakubwa, lakini hakuna mahubiri yaliyonichoma kama karatasi ile.

Hebu tufungue Luka 24. Wanafunzi wawili wanatoka Yerusalemu kwenda Emau, mwendo wa kama kilomita kumi na moja. Ni siku gani? Ni Jumapili. Jumapili ya ufufuo! Kaburi liko wazi, wanawake wameshaleta habari, na hawa wawili wameshaondoka. Wameondoka uwanjani kabla ya kipenga. Angalia mstari wa 21, namna wanavyozungumza juu ya tumaini: wanalizungumza kama jambo lililopita. Walikuwa wakitumaini. Si waovu hawa, wala hawajamtukana Bwana. Wamefunga hesabu tu. Wamehesabu Ijumaa na Jumamosi, wakapiga mstari chini.

Naamini wengi tunaosoma karatasi hii tuko kwenye barabara hiyo. Kuna mama ambaye aliacha kumwombea mtoto wake kimyakimya, hakumwambia mtu. Kuna ndugu anayekuja ibada kila wiki lakini moyo wake ulipanda matatu zamani. Bado unaimba, ila ukisema "Bwana atatenda," ndani yako unasikia neno "alikuwa".

Na hapa niseme jambo ambalo halitanipa amina nyingi. Sisi wahubiri tumechangia. Kila Januari tunatangaza kwamba huu ndio mwaka wako. Ni sawasawa na sisi watu wa Ingwe: kila msimu ukianza, huu ni wetu! Ikifika mechi ya kumi tunatafuta kocha wa kulaumiwa. Tumaini la namna hiyo si tumaini, ni kelele. Waebrania 11:13 inasema wazi kwamba kuna watu wa imani waliokufa kabla ya kuipokea ahadi. Waliiona kwa mbali, wakaishangilia huko huko mbali. Habakuki naye anaorodhesha hasara kama mtu anayefanya ukaguzi wa hesabu: mtini haukuchanua, shamba halikutoa chakula, zizi halina ng'ombe. Hafichi hata moja. Halafu, chini ya mstari wa jumla, anaamua kumfurahia Bwana. Huyo hakubaki kwa sababu hajui hesabu. Amezijua zote, na bado amebaki.

Lakini usinielewe vibaya. Kubaki si upumbavu. Shabiki mwaminifu hampi refa hongo, wala harushi mawe uwanjani. Tumewaona wa upande wetu na wa upande ule mwingine wakifanya hivyo, na timu ndiyo iliyoumia. Baba aliuza yule ng'ombe, lakini alilipa kituo moja kwa moja. Mkononi mwa ndugu yangu hakutia hata shilingi. Chakula alimpa. Kitanda alimpa. Siku akiwa amelewa alimkemea bila kupunguza sauti. Na wewe dada unayepigwa nyumbani, uaminifu haukudai ukae mahali ambapo maisha yako yako hatarini. Toka, njoo utuone, leo. Unaweza kumwombea mtu ukiwa mahali salama.

Sasa turudi barabarani Emau, kwa sababu bado sijafika kwenye habari njema.

Kwa miaka mingi nilidhani fundisho hapa ni rahisi: mimi ni shabiki, Mungu ni timu, kazi yangu ni kukaa kwenye kiti mpaka ashinde. Nimegundua nimegeuza mambo. Mungu hajawahi kushindwa. Timu inayofungwa kila msimu ni mimi. Ni mimi ninayeahidi Januari na kuanguka Machi. Ni mimi niliyeshushwa daraja. Na Warumi 5:8 inanifundisha kwamba Kristo alitufia tungali wenye dhambi. Hakungoja tupande jedwali. Alikuja tukiwa mkiani kabisa.

Angalia basi anachofanya na wale wawili. Hakubaki Yerusalemu na wale waliosubiri, akisema walioondoka shauri yao. Aliwafuata. Alitembea nao, tena wakielekea upande usiofaa, akawasikiliza wakimweleza habari zake mwenyewe kana kwamba hazijui. Aliwakemea, ndiyo. Lakini alitembea. Akaingia nyumbani kwao, akaumega mkate. Na saa ile ile, usiku, waliinuka wakarudi Yerusalemu. Barabara ile ile, kilomita zile zile, ila sasa wanarudi kwa sababu kuna aliyekataa kukata hasara juu yao.

Hicho ndicho baba yangu alijua na mimi, mwenye digrii na kitambulisho cha uchungaji, nilikuwa nimesahau. Mimi niko hapa kwa sababu kuna Mtu aliyeona jumla ya hesabu yangu na hakuondoka.

Ninapoandika haya, ndugu yangu ana wiki tisa bila kunywa. Mwaka juzi alifika miezi saba, kisha akaanguka. Kwa hiyo bado sijatoa ngoma. Sina unabii wa kuwapa juu yake, wala juu ya ligi. Ninachojua ni kwamba nilichanga mara ile ya nne, na ile karatasi niliichoma jikoni. Na nikienda nyumbani naona baba hajafunga mlango wa nyuma kwa komeo. Akirudi saa nane za usiku, mlevi au mzima, atamkuta mtu.

Wiki hii, mpigie simu mtu mmoja uliyemfungia hesabu. Usimhubirie. Msalimie tu, umuulize amekula nini.

Tuombe: Bwana Yesu, sisi tulioondoka mapema, asante kwa kutufuata barabarani. Tupe miguu ya kurudi, na utupe uvumilivu wa kukaa na wale wanaoshindwa, kama ulivyokaa nasi. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Ni jambo gani ambalo zamani ulilitumainia na sasa unalizungumza kama lililopita?
2. Soma Habakuki 3:17–19. Orodha yako ya hasara ingekuwaje leo? Iandike bila kuficha.
3. Kubaki na mtu kwa uaminifu na kumsaidia aendelee kujiangamiza vinatofautianaje? Toeni mifano ya nyumbani.