Kura na Deni Lake

Asubuhi moja ya kiangazi hapa Kibakwe, nikiwa nimeketi barazani kwa jirani yangu, ambaye umri wake umempa haki ya kuitwa bibi na kijiji kizima, alibisha hodi binti mmoja mwenye kishikwambi mkononi, akaamkia kwa adabu, akapewa kigoda, na baada ya kueleza kwamba anafanya utafiti wa siha na elimu ya watoto, na kupata dole gumba la ridhaa, akaanza kuuliza: nyumbani mnalala wangapi, maji mnachota wapi, choo kina mfuniko au hakina, na juma lililopita wajukuu walikosa shule siku ngapi. Bibi alijibu yote pasipo kusita, huku akimnawisha mjukuu wake uso kwa maji ya kata moja, akiyamimina kiganjani kidogo kidogo kama atiaye mafuta kwenye kibatari. Maswali yalipokwisha, naye akauliza lake.

"Mjukuu wangu, wenzako walikuja mwaka juzi wakaniuliza haya haya. Je, walichokitafuta walikipata?"

Binti aliinamisha macho. "Sijui, bibi. Mimi nimetumwa kuuliza tu."

Nimekaa na swali lile siku nyingi, na kila nikilipima naliona si swali la takwimu bali la dini: mtu achukuaye habari za maisha ya mwenziwe, za choo chake na njaa yake na mtoto wake mgonjwa, je, amepewa hidaya aende nayo zake, au amekabidhiwa amana ambayo hana budi kuitolea hesabu?

Wala sisemi kwamba kuuliza ni kosa. Wilaya jirani ya Kongwa inajua gharama ya wasiouliza, kwani mwaka 1947 Waingereza walishuka kule na matrekta kulima karanga kabla ya kuupeleleza vema udongo na mvua, na ilipofika mwaka 1951 mradi ukafutwa, wakaacha chuma kikiliwa na kutu na hasara ya mamilioni ya pauni. Katika Kongwa hiyo hiyo, tangu miaka ya 1980, walikuja watu wa tabia nyingine, miongoni mwao Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, kuchunguza ugonjwa wa vikope, ambao wataalamu huuita trakoma. Ugonjwa huu huenezwa na nzi, na vidole, na nguo za kupangusia uso. Humrudia mtoto mara kwa mara hata kope ikafanya kovu kwa ndani, ikajikunja, na nywele zake zikawa zinaikwaruza mboni kila mtu apepesapo, mpaka nuru ikafifia. Na aghalabu anayeishia upofuni ni mwanamke, kwa kuwa ndiye akaaye na watoto.

Watafiti wale waligundua jambo ambalo mgeni asingelidhania, kwamba wingi wa maji yaliyofika nyumbani haukutosha kueleza nani augue na nani asalimike. Lililokuwa na uzito ni mgawanyo wake, kwa sababu akina mama wengi waliamini kuwa kunawisha uso kunakula maji mengi. Ndipo vikachukuliwa vijiji sita, vyote vikapewa dawa ya kupaka machoni, na vitatu kati yake, kwa kura, vikaongezewa mafundisho ya kunawa uso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: watoto ambao nyuso zao zilidumu safi waliugua kidogo kuliko wenzao, na leo usafi wa uso ni sehemu ya mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya vikope.

Hapa ndipo dhamiri inaponasa. Vipi kuhusu vijiji vitatu ambavyo kura haikuviangukia? Jambo hili si la Kongwa peke yake. Huko Busia, Kenya, shule 75 ziligawanywa mafungu matatu kwa ajili ya dawa ya minyoo: fungu la kwanza lilianza kupewa mwaka 1998, la pili 1999, la tatu likangoja hadi 2001, na waandishi wa utafiti ule wakasema utoro ulipungua kwa robo, ingawa wataalamu wengine wamezibishia hesabu zao. Hapa Tanzania, katika jaribio la KiuFunza la mwaka 2013 na 2014, shule 350 za wilaya kumi zilipigiwa kura, nyingine zikapata fedha za shule, nyingine bahashishi kwa walimu kwa kadiri wanafunzi walivyofaulu, nyingine vyote viwili, na shule 140 hazikupata kitu. Ikabainika kwamba fedha peke yake hazikuinua elimu, bali zilipofungamana na bahashishi ziliinua.

Wako wasemao kwamba kumpigia kura mtoto wa fukara ni kumfanya chombo. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Kura ina heshima ya kale: mabaharia waliipiga Nabii Yunus akiwa chomboni, waliogombea kumlea Maryam waliamuliwa kwayo, na mitume walimpata Mathiya kwa njia hiyo hiyo. Kura ni ungamo la mtu asiyejua, na katika nchi ambayo neema huelekea kushuka kwa shemeji wa mkubwa kwanza, sioni aibu katika ungamo hilo. Lakini kura ni halali maadamu aipigaye hajui. Siku ile ajuapo, wote walioachwa wanageuka wadai wake. Busia angalau deni lilikuwa na tarehe ya kulipwa.

Na liko deni jingine, dogo kwa gharama, ambalo hulipwa kwa nadra zaidi, nalo ni la habari. Msiniambie kwamba watu wa kijijini hawatafahamu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa vikundi vikundi kandokando ya redio, wakasikiliza kwa Kiswahili, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Matokeo ya Kongwa yalitoka kwa Kiingereza katika jarida la London, na bibi yangu hajui kwamba kata yake moja ya maji imekuwa hoja katika mabaraza ya tabibu wa dunia.

Basi wewe utakayekuja Kibakwe na dodoso lako, karibu, kigoda kipo. Ila unapopanga siku za kuuliza, tenga na moja ya kurudi kujibu, iwe kwenye mkutano wa kijiji, msikitini au kanisani. Bibi yule angali hai, na nyumba yake haijahama.