Watoto na Maradhi ya Wazazi Wao

Ndugu zetu Waislamu, imekuwa ni ada katika miji yetu ya pwani kwamba mama akishikwa na maradhi mazito kama saratani, watu wazima hunong'onezana ukumbini na mtoto huambiwa, "Mamako amekwenda kutembea Nairobi." Mtoto huyo huenda skuli asubuhi na chuoni jioni, na huko ndiko aisikiako khabari kwa wenziwe, tena imepotoka: kwamba maradhi yale yaambukiza, au kwamba ni kijicho cha jirani. Akirudi nyumbani hana wa kumuuliza, kwani wote wamejitia kutojua.

Twadhani twamhurumia. Wana wa Nabii Yaakub (A.S.) walimletea baba yao kanzu yenye damu ya uwongo; je, ilimpunguzia huzuni? Alilia hata macho yake yakawa meupe. Kweli, wao walikusudia kuficha kosa lao na sisi twakusudia wema; walakini apokeaye uwongo hana la kushika, vyovyote vile.

Zito zaidi ni hili. Mtoto asipoambiwa sababu huizua mwenyewe, na mara nyingi hujitia yeye ndani yake: "Nilimkasirisha mama, ndiyo maana augua." Wala hamwambii mtu. Katika mwaka wa 10 wa Hijra alifariki Ibrahim, mwana wa Mtume wetu (S.A.W.), hajatimiza miaka miwili, na jua likapatwa siku ile. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume, naye yu katika msiba, aliwakatalia, akawafahamisha kwamba jua halipatwi kwa kufa mtu. Ikiwa hakuridhia sababu ya uwongo wakati kama ule, sisi twamwachiaje mtoto sababu ya uwongo moyoni?

Basi aambiwe, kwa maneno ya umri wake. Alijue jina la maradhi. Aambiwe kwamba hayaambukizi, na amkumbatie mamake. Kwamba hakuyaleta yeye. Kwamba dawa kali za saratani hupiga chembe zikuazo upesi, na mashina ya nywele yamo katika hizo, ndipo nywele zikaanguka, na kwa kawaida humea tena dawa zikisha. Akiuliza, "Atapona?" asiahidiwe lisilojulikana. Tumwambie madaktari wafanya bidii, nasi twamwomba Mwenyezi Mungu, na likizuka jipya atalisikia kwetu kwanza. Ajue pia nani atampikia na nani atampeleka skuli. Na apewe kazi, japo ya kumpelekea mama maji.

Wengine hudhani subira ni kunyamaza. Nabii Ayub (A.S.), apigiwaye mfano kwa subira, alimshitakia Mola wake madhara yaliyompata, na Mtume wetu alimlilia Ibrahim mbele ya masahaba. Baba akitokwa na machozi mbele ya wanawe hajapungukiwa na imani.

Na nyinyi waalimu wa vyuo: mtoto aliyesahau leo sura aliyoihifadhi jana, kabla ya kuinuliwa bakora, aulizwe kwanza ni nani mgonjwa kwao. Baba naye asingoje. Aende mwenyewe kwa mwalimu amwambie.