Kisafina cha Manyasi

Somo: Kutoka 2:1–10



Jumanne nilimkuta dada mmoja wa usharika wetu nje ya ukumbi, ameshika kiboksi kilichobonyea. Anatengeneza hereni na bangili za shanga, anaziuza kwa WhatsApp na Instagram, kisha anazipeleka stendi ya Mbezi Luis zipande basi. Mteja wa Mwanza alikuwa ameurudisha mzigo. Bangili imekatika, hereni zimepinda. "Mchungaji," akaniambia, "boksi zuri la kununua linakula faida yote. Nisiponunua, ndiyo haya."

Usiku ule nilisoma habari za mama yake Musa. Miezi mitatu amemficha mwanawe, na sasa lazima amtoe mikononi mwake. Watu wake wako utumwani, fedha ya sanduku ataitoa wapi? Akatwaa manyasi, yaotayo bure kando ya mto Nile, akafanya kisafina cha kumweka mtoni. Lakini hakumlaza mtoto humo hivi hivi. Alijua hatari ya safari ile ni maji, basi akakipaka kisafina lami mpaka kikazibika. Dada wa mtoto naye akasimama mbali, aone yatakayompata. Kifungashio kile hakikuwa na thamani sokoni, ila aliyekiandaa alikuwa amefikiria njia nzima.

Dada yetu naye anapaswa kuifikiria njia. Hereni zitakaa kwenye buti la basi, labda chini ya gunia la mchele, zikitikiswa usiku kucha. Adui wa hereni ni kubanwa na kucheza. Maboksi madogo ya dawa ni magumu, na maduka mengi ya dawa huyatupa. Ukiligeuza boksi nje-ndani na kuligundisha upya, maandishi ya dawa hayaonekani. Trei ya mayai ikikatwa inapokea kitu kidogo kama kiganja. Magazeti yaliyofinyangwa hujaza nafasi iliyobaki, wala hayaongezi uzito mwingi, nalo ni jambo la maana kwa anayetumia Posta, maana huko gharama hufuata uzito. Kabla ya kufunga, tikisa. Ukisikia kitu kinacheza, fungua uanze tena. Na jina na simu ya mpokeaji ziandikwe mara mbili, juu ya boksi na kwenye kikaratasi ndani, kwa sababu karatasi ya juu hubanduka.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, wengi tulilalamika kwamba hatuna cha kufungia. Nadhani tulikuwa tumesahau haraka mno. Wazee wetu wa pwani walisuka pakacha kwa makuti, na kwenye migomba watu walifunga vitu kwa majani yake makavu.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Ndivyo ilivyo: konda hapungukiwi kitu bangili ikikatika. Anayeumia ni mtu aliye mbali, aliyetuma pesa kwa simu kwa muuzaji asiyewahi kumwona, akaamini. Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari za mtu aliyekutwa njiani, asiyejulikana hata jina. Huyo wa Mwanza ni jirani wa namna hiyo. Ninyi mnaouza mtandaoni, mkikunja lile gazeti mnamtunza yeye.

Nasi wanunuzi tunalo letu. Mzigo ukifika katika boksi lililokwisha kutumika, kitu kikiwa kizima, tusimwandikie muuzaji maneno ya dharau. Kama angenunua boksi la kung'aa, bei yake tungeilipa sisi.

Nilipomweleza hayo, dada yetu alifungasha upya siku ile ile, bangili nyingine na hereni zilizonyooshwa, ndani ya boksi la dawa na vipande viwili vya trei. Akapiga simu asubuhi kuulizia basi limefika wapi. Ijumaa mteja alimtumia picha: vyote vizima.

Jumapili hii, kila mwenye maboksi matupu ya dawa, viatu au simu, trei za mayai na magazeti ya zamani, ayalete. Futeni kwanza majina na namba za simu zilizoandikwa juu. Yawekeni kwenye meza ya nyuma, karibu na mlango, na wanaouza wachukue wanachohitaji bila kulipa.