Yai Linaloita: Je, Chombo Kinaweza Kufundisha Huruma?

Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii tunaitumia kila siku, lakini ni mara chache tunauliza mtoto analelewa na nani, na kwa kitu gani. Zamani jibu lilikuwa rahisi: analelewa na mama, na shangazi, na jirani, na mbuzi aliyepewa kuchunga, na mdogo wake aliyefungiwa mgongoni. Leo kuna mlezi mwingine aliyeingia nyumbani bila kubisha hodi. Ni vile vyombo vidogo vya michezo vya umeme, ambavyo vingi vilibuniwa Japani. Katika kurasa hizi napenda kuchunguza kimoja tu kati yao, juu chenyewe kinadai kufundisha jambo ambalo mila zetu zinalihesabu kuwa la kwanza, yaani kumtunza mwingine. Swali ni hili: je, kitu kisicho na uhai kinaweza kumfundisha mtoto huruma?

Chombo hicho kinaitwa Tamagotchi. Kampuni ya Bandai ilianza kukiuza huko Japani tarehe 23 Novemba 1996. Waliokibuni ni Akihiro Yokoi na Aki Maita. Jina lake limetungwa kwa maneno mawili: tamago, ambalo kwa Kijapani ni yai, na neno la Kiingereza la saa ya mkononi. Ni yai la plastiki linaloenea katika kiganja, lenye kioo kidogo na vifungo vitatu, na linatumia pile ndogo kama za saa. Ndani ya kioo huanguliwa kiumbe cha kuchorwa. Kinakula, kinacheza, kinalala, kinajisaidia na lazima kisafishwe. Kikiwa na njaa au huzuni, yai linapiga mlio. Kikiugua, fuvu dogo linaonekana kando yake, na mtunzaji anakidunga sindano. Kikiachwa bila kutunzwa, kinakufa. Katika mayai ya kwanza ya Japani, kifo kilionyeshwa kwa kaburi na mzuka; katika yale yaliyopelekwa Marekani mwaka 1997, kwa malaika. Halafu mwenye yai anabonyeza vifungo, yai jipya linatokea, na maisha yanaanza tena.

Ndani ya miaka michache mayai hayo yaliuzwa takriban milioni 40. Mwaka 1997 shule nyingi katika nchi mbalimbali ziliyakataza, maana yalikuwa yanalia katikati ya somo. Kukawa na wazazi waliokwenda kazini na yai mfukoni, ili kiumbe cha mtoto kisife kabla ya saa ya kutoka masomo. Mwaka huohuo Yokoi na Maita walipewa Ig Nobel, ile tuzo ya mzaha inayotolewa Marekani, kwa kuwa walikuwa wamefanya watu kutumia mamilioni ya saa za kazi kufuga wanyama wasiokuwapo.

Mtu akisikia habari hizi kwetu, jibu la kwanza ni kucheka. La pili ni lawama: "Batoto ya leo habajuwi tena kazi, banacheza tu na mashini." Lawama hiyo ni ya haraka. Tujaribu kwanza kukitetea chombo hiki, kama wazee wanavyofanya barazani: anayeshitakiwa asikilizwe.

Utetezi wa kwanza ni kwamba mtoto aliyeacha mchezo wake kulisha yai ameuacha kweli. Kiumbe ni cha uongo, lakini raha aliyoiacha ni ya kweli. Amejifunza kwamba mwingine anaweza kukatiza raha yangu, na kwamba sina budi kwenda. Tena, wabunifu hawakuwa wajinga. Mara nyingine kiumbe hicho huita bila haja yoyote, na hapo mtunzaji anatakiwa kukikaripia, la sivyo kitakua bila adabu. Hata mama wa kijijini angekubali: si kila kilio ni njaa.

Utetezi wa pili unatoka katika mila ya Wajapani wenyewe. Kwao kuna desturi ya kuviaga kwa heshima vitu vilivyotutumikia. Washonaji wanapeleka hekaluni sindano zilizovunjika, katika sehemu nyingi tarehe 8 Februari, na wanazichoma ndani ya tofu, chakula laini cha soya, ili baada ya kazi ngumu zipumzike mahali laini. Wanasesere wa zamani nao huombewa kabla ya kuchomwa moto. Kampuni ya Sony ilipoacha mwaka 2014 kukarabati mbwa wake wa umeme walioitwa AIBO, ambao ilianza kuwauza mwaka 1999, wenyewe walianza kuwapeleka katika hekalu la Kibudha la Kofuku-ji, mkoani Chiba. Kuanzia mwaka 2015 makuhani waliwafanyia ibada ya kuwaaga, kisha vipuri vyao vikatumika kuwaponya mbwa wengine wa aina ileile. Mtu anayeheshimu hata sindano, je, hatajifunza kumheshimu jirani?

Tusidhani kwamba jambo hilo ni geni kwetu. Walega, huko Shabunda, Mwenga na Pangi, walikuwa na chama cha Bwami, ambacho serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku mwaka 1948. Watu wa Bwami walikuwa na sanamu ndogo za mti na za pembe za ndovu. Zile za pembe walizipaka mafuta, kama mtu anavyopaka mwili wake, na mwenyewe akifa zilikabidhiwa kwa mwingine. Kuna sanamu yenye vichwa vingi, inayofundisha kwamba mwenye hekima anatazama pande zote kabla ya kukata shauri. Kuna nyingine zinazoonyesha mtu aliyeharibikiwa kwa sababu ya mwenendo wake. Kwa hiyo Mkongo hawezi kusema kwamba kitu kisicho na roho hakifundishi. Wazee wetu walifundishia vitu.

Lakini hapa njo tofauti inaanza kuonekana. Sanamu ya Bwami haikusema peke yake. Ilisimama kati ya mzee na mwanafunzi, pamoja na wimbo, ngoma na methali. Sanamu ileile ingeweza kuletwa mara nyingine na kupewa maana nyingine, kufuatana na mafundisho ya siku hiyo. Mwanafunzi alilazimika kutazama, kufikiri, na kuuliza. Yai la plastiki halihitaji mzee. Linasema lenyewe, kwa sauti ileile, na jibu lake limekwisha kuandikwa ndani: njaa, bonyeza hapa, uchafu, bonyeza pale.

Tulinganishe na simbilisi. Katika Kivu, watoto wengi wamepokea katika maisha yao mnyama wa kwanza wa namna hiyo, yule mdogo anayefugwa pembeni ya jiko na kulishwa majani na maganda. Simbilisi mwenye njaa anapiga kelele, kama Tamagotchi. Akisikia mtu anaingia na majani, nyumba nzima inajua. Lakini simbilisi mgonjwa ananyamaza. Anajikunja nyuma ya wenzake, manyoya yanasimama, anaacha kula, na hakuna fuvu linaloonekana kando yake. Mtoto anayengoja kelele atamkuta amekufa asubuhi. Mtoto anayewahesabu, anayewatazama mmoja mmoja, atasema: huyu wa madoa leo hakuja. Mzee mfugaji anajua jambo hilo vizuri: "Mbuzi haina na mudomo ya kusema iko mugonjwa."

Hapo njo kiini cha neno langu. Kuna mambo mawili tunayoyachanganya: kuitika na kuona. Yai linafundisha kuitika, na kuitika ni kuzuri. Lakini huruma inaanza pale mtu anapoona kabla ya kuitwa. Mjane anayeacha kuja sokoni hapigi kengele. Mwanafunzi anayeketi nyuma bila daftari hapigi kengele. Mgonjwa mwenye aibu ya ugonjwa wake hapigi kengele. Katika desturi zetu, jirani aliyeona moshi hautoki kwa mwenzake tangu asubuhi alienda kuuliza, na alipofika hakusema "nimesikia una njaa". Alisema amekuja kuomba moto, ili asimwaibishe. Anayengoja mlio ndipo aende ametimiza wajibu tu. Aliyeangalia moshi amependa.

Kuna tofauti nyingine, nayo ni ya kifo. Kiumbe cha yai kikifa, vifungo vinabonyezwa na kingine kinakuja. Wengine wanasema hilo linamzoeza mtoto kwa huzuni pole pole. Labda. Lakini matanga yanafundisha kinyume chake. Tunakesha, tunalala chini, tunapika kwa masufuria makubwa, tunachanga pesa, na baada ya siku zote hizo kiti cha marehemu kinabaki kitupu. Ni kwa sababu hakuna yai la pili njo maana tunamtunza aliye hai. Mahali ambapo kila kosa linafutwa kwa kubonyeza, mtoto anaweza kujuta, lakini ni vigumu ajifunze kuchukua daraka.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza: haya yote yanatuhusu nini sisi, ambao mayai hayo wengi wetu hatukuyashika hata kidogo? Yanatuhusu kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni tarehe. Tuliona kwamba yai lilianza kuita huko Japani tarehe 23 Novemba 1996. Bukavu ilikuwa imeanguka mwisho wa Oktoba, na Goma mwanzo wa Novemba. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alikuwa ameuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba, baada ya kuomba mara kwa mara ulimwengu usiutupe mji wake na wakimbizi waliokuwa ndani yake. Wiki zile, watu elfu kwa elfu walikuwa njiani na msituni. Siwalaumu watoto wa Tokyo. Hawakujua, na hawakuwa na amri juu ya majeshi. Lakini inafaa tulitafakari jambo hili: binadamu wa wakati wetu alikuwa ametengeneza chombo kinachoweza kumkatiza raha yake kwa ajili ya kiumbe kisichokuwapo, na wakati uleule mtu wa kweli aliita kwa sauti kubwa, asiitikiwe. Kumbe hata kuitika kwenyewe kunachagua. Tunaitikia kilicho mkononi mwetu, kilicho kidogo, ambacho tunaweza kukiponya kwa kidole kimoja.

Ya pili ni madini. Bati hutumika kulehemu karibu vyombo vyote vya umeme. Tantali, inayotoka katika koltani, hutumika katika simu, kompyuta na vyombo vingi vya michezo. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya tantali ulimwenguni ilipanda mara kadhaa, kisha ikaanguka mwaka 2001. Katika miezi ile, Kivu iliona mashamba yakiachwa na wanafunzi wakitoka masomo kwenda machimboni. Mchimbaji aliye ndani ya shimo ni kama yule simbilisi mgonjwa: chombo kilichotengenezwa kwa jasho lake hakina kioo cha kuonyesha njaa yake. Kina mlio wa kila kitu, isipokuwa wa mtu aliyekitoa ardhini.

Na sasa mayai yamekuja kwetu kwa sura nyingine. Simu njo yai la leo. Inaita mezani, inaita kanisani, inaita katikati ya matanga, na sisi wakubwa tunaitika mbio kuliko watoto. Mama anaongea na mwanawe, simu inalia, maneno yanakatika. Kwa hiyo tusiwahubirie watoto kabla ya kujitazama.

Basi, je, chombo kinaweza kufundisha huruma? Jibu langu ni kwamba kinaweza kufundisha mlango wake, lakini hakiwezi kuuingia kwa niaba yetu. Mtoto aliyetunza yai amejua kuwa mwingine anadai. Kilichobaki ni kazi ya mzee, kama ilivyokuwa katika Bwami: kuketi kando yake na kuuliza, "Ni nani hapa nyumbani ambaye leo hajaita?" Mwalimu anaweza kuuliza swali hilo darasani kila Jumatatu. Mzazi anaweza kuliuliza jioni, kabla ya chakula. Wazazi wenye nafasi wampe mtoto simbilisi wawili, au kuku mmoja, au daraka la kumpelekea maji mzee wa jirani, wala wasimkumbushe. Waache aone mwenyewe.

Mchezo usikatazwe. Wajapani wametufundisha kwamba hata sindano inastahili kushukuriwa, na hilo ni somo zuri kwa nchi ambayo imechimba vitu vingi bila mtu yeyote kuishukuru. Lakini wazee wetu walijua jambo ambalo yai halina nafasi ya kulisema: anayekuhitaji zaidi, mara nyingi ni yule aliyenyamaza.