Aliyejenga Ua Amebeba Dhamana

Mtu akimfungia farasi wake katika malisho yenye mti wa sumu, farasi akala akafa, je, tuseme ni kadari tu, au mwenye farasi ana la kujibu mbele ya Mola wake?

Suala hili si la kubuni. Uingereza na nchi nyingine za Ulaya kuna mti uitwao sycamore, wala si huu mkuyu wetu. Mbegu zake zina mbawa, na majani yapukutikapo upepo huzichukua ukazimwaga malishoni. Katika mbegu hizo na miche yake huwamo sumu iitwayo hipoglisini A. Farasi aliyedhurika nayo, misuli yake hushindwa kuyatumia mafuta ya mwili kupata nguvu, ikaharibika. Hutetemeka, mkojo wake huwa mweusi, na wengi hufa kwa siku chache. Maradhi yalijulikana zamani, lakini huko Ulaya sababu yake haikubainika mpaka 2013.

Basi aliyefiwa na farasi kabla ya hapo hakujua, wala hakuwa na wa kumuuliza, huyo hatumlaumu. Wa leo hana udhuru huo. Na asemaye "sikujua", hali mlango wa kuuliza u wazi, ujinga wake ameuchagua mwenyewe.

Wako wasemao: mnyama amepewa ilhamu, hulijua limdhurulo. Ni kweli, lakini Mola aliyempa ilhamu amempa pia ardhi pana ya kuchagua. Wewe umemzungushia ua. Nyasi zikipungua, njaa humlazimisha kula asilolitaka. Kwa kumfunga umemnyang'anya hiari yake, na hiari uliyoitwaa i juu ya shingo yako. Ndiyo maana yule mwanamke tuliyesimuliwa na Mtume (S.A.W.) aliadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia.

Wengine husema: mti ni wa jirani, na upepo ni wa Mungu. Jirani naye ana wajibu wake akiisha kuambiwa. Lakini kuokota mbegu, kuitenga sehemu ya ua iliyo karibu na mti, kumpa mnyama majani makavu ya kutosha, au kumhamisha katika majira hayo, hayo hayangoji ruhusa ya jirani. Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Aliyefanya awezalo, kisha farasi akafa, ndiye mwenye haki ya kusema ni kadari. Asiyefanya kitu asiifanye kadari pazia la uvivu wake.

Enyi ndugu zetu, sisi hatuna farasi wengi, lakini tuna punda na mbuzi tuwafungao. Na ikiwa hukumu ya mnyama ni hii, itakuwaje kwa mtoto ambaye sisi ndio tuliomchagulia nyumba, mtaa na chuo?

Wabillahi tawfiq.