Maji Yakipanda, Bei Nayo Inapanda

Kuna kauli inayopendwa sana hapa Goma: shida ni ya wote. Umeme ukikatika utaisikia, unga ukipanda bei utaisikia, na volkano ya Nyiragongo ikinguruma usiku kila mtu huisema, mwenye ghorofa na mwenye nyumba ya mbao. Inaliwaza, ndiyo maana inapendwa. Lakini si kweli. Nimekulia Majengo, sasa naishi Himbi, hatua chache kutoka ziwani, na ninachokiona pande hizi mbili si shida moja.

Tazama maji tu. Mji wetu umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, ziwa lenye kina kinachokaribia mita 480, na bado tunalia kiu. Goma haina mto. Mvua yetu ni nyingi, ila tumejenga juu ya lava. Maji yanapenya katikati ya mawe na kupotea, na kuchimba kisima kwenye mwamba ule ni kazi inayozishinda familia za kawaida. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maji tunayotumia hupandishwa kutoka ziwani, kwa pampu au kwa mgongo. Kutoka ufukweni hadi Majengo na Buhene mji unapanda taratibu kuelekea volkano, na kadiri maji yanavyopanda ndivyo bei inavyopanda nayo. Bidoni ya lita 20 ina bei yake kwenye robine ya chini. Ikishapakiwa kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, ina bei nyingine. Ikifika juu kabisa, mlangoni kwa mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote, ndipo inapokuwa ghali kuliko kote.

Mwenye mita nyumbani, lita 1,000 ni mstari mmoja kwenye fakture ya mwisho wa mwezi. Asiye na mita, lita hizo hizo ni bidoni 50, na kila moja inalipiwa peke yake, taslimu, siku hiyo hiyo. Hakuna anayemkopesha. Ukipiga hesabu utaona maskini wa Goma ananunua maji kwa bei ambayo tajiri wa Goma angeikataa.

Na hapo sijahesabu saa. Mama anayetusaidia kazi za nyumbani anaishi Ndosho. Anafika kwetu asubuhi akiwa tayari ameshavoma maji ya kwake, kabeba bidoni mgongoni, kamba imempita kwenye paji la uso. Akiingia kwetu anafungua robine na kufua nguo za watoto wangu kwa maji yanayotoka yenyewe. Nilimwuliza siku moja nani anavoma zamu ya pili, maana bidoni moja haitoshi watu saba. Alijibu bila kuacha kazi: “Ni yule binti yangu mkubwa, mama. Akichelewa shuleni, mwalimu amemzoea.” Binti huyo ana miaka 12. Neno hilo, kwamba mwalimu amemzoea, limenikaa moyoni kuliko bei yoyote. Mtoto ameanza kuzoeleka kama mtu wa kuchelewa, na wanangu, ambao hawana akili kumzidi, wanahesabiwa kuwa wanafunzi wenye nidhamu.

Utasema ziwa lipo, liko wazi, aende akavome bure. Liko wapi hilo ziwa lililo wazi? Tembea kutoka bandarini kwenda Kyeshero uhesabu kuta. Parsele baada ya parsele, hoteli baada ya hoteli, geti na sentineli. Njia za kushukia majini zimebaki chache, na hizo chache ndizo zinazobeba umati. Hapo utamkuta kijana mwenye bomba la sindano akitia klori kwenye kila bidoni, kazi ndogo kwa macho lakini imeokoa watu wengi, kwa sababu kipindupindu hakijatuacha. Wazee wetu hawajasahau Julai 1994, wakimbizi karibu milioni moja walipoingia kutoka Rwanda, ugonjwa huo ukaua maelfu kwa maelfu katika majuma machache. Tunajua vizuri mno maji ya ziwa yasiyotibiwa yanafanya nini. Na bado tumeuza ukingo mpaka mwananchi anabanwa kwenye vichochoro vichache.

Wengine hunijibu kwa volkano. Lava haichagui, wanasema. Ni kweli kwamba tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ikala maduka ya wakubwa na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu pamoja na vibanda vya wadogo. Lakini angalia nani alijenga tena kwa mawe na nani bado yumo ndani ya mbao. Mwaka 2021, tarehe 22 Mei, ilishukia upande wa Buhene na kuharibu tangi kubwa na mabomba, watu kama nusu milioni wakabaki bila maji safi. Siku chache baadaye tulipoamriwa kuhama, wenye magari waliondoka na magari yao. Wengine walikwenda Sake kwa miguu, kilomita zipatazo 25, godoro kichwani na mtoto mkononi. Moto ulikuwa mmoja, njia za kuukimbia hazikuwa sawa.

Hata vita imefuata desturi hiyo. Mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, umeme ulikatika, pampu zikanyamaza, watu wakakimbilia ziwani risasi zikiwa bado zinasikika. Waliokuwa na sisterna uani walifunga geti. Benki nazo zikafungwa. Mwenye akaunti Gisenyi alivuka mpaka akatoa pesa zake, na aliyelipwa mshahara wake mdogo kwenye simu akakatwa asilimia na kila wakala.

Nilimwambia yule mama awe anajaza bidoni zake kwetu kila jioni, nami nitalipa chukudu. Alishukuru, akakubali. Kisha akasema: “Lakini kwetu kwenye parsele tuko nyumba sita. Nikishusha maji peke yangu, wale wengine nitawaangalia vipi? Heri robine ya avenue yetu ifunguliwe alfajiri, watoto wavome kabla ya masomo.” Robine hiyo ipo, na bomba lake ni zima. Hufunguliwa saa tatu, na shule huanza saa moja na nusu. Nimekwenda kwa shefu wa avenue yao pamoja naye, na tutarudi tena. Kubadilisha saa hakuhitaji mfadhili wala bomba jipya. Kunahitaji anayeshika ufunguo aamke mapema, na sisi wa karibu na ziwa tukubali robine zetu zipungue nguvu saa hizo za alfajiri, ili maji yapate kupanda.